Zizi la Mgogo: Ufugaji wa Jamaa katika Nchi ya Ukame

Tunapoutaja utamaduni wa Taifa letu, aghalabu fikira zetu huelekea kwenye ngoma, nyimbo na ala za muziki. Wagogo wa Mkoa wa Dodoma wamepata sifa kubwa kwa nyimbo na zeze zao, na sifa hiyo wanaistahili. Lakini utamaduni ni pia namna watu wanavyofanya kazi ili wapate kuishi. Katika insha hii twataka kulitazama zizi la Mgogo na kulijibu swali ambalo wageni wengi walilijibu kwa haraka mno: je, mzee aliyekuwa na ng'ombe wengi, naye hataki kuwauza, alikuwa hajui maana ya mali?

Yafaa kwanza tuielewe nchi yenyewe. Ugogo ni nyika kavu. Kwa wastani mvua yake ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, nayo huja katika msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili. Hata mvua hiyo haba hainyeshi sawasawa. Mahali pamoja huweza kupata mvua ya kutosha, na pa jirani pakakauka kabisa. Mambo mengi tutakayoyaeleza hapa chini yanatokana na hali hiyo.

Makao ya jadi ya Mgogo yalikuwa tembe, yaani nyumba ya miti na udongo yenye paa la bapa, iliyojengwa kwa kuuzunguka ua. Usiku ng'ombe walilala uani, milango ya vyumba ikiwaelekea, hata simba au mwizi asiweze kuwafikia bila ya watu kuamka. Hivyo binadamu na mnyama walikaa chini ya ulinzi mmoja. Samadi iliyokusanyika ilitiwa katika mashamba yaliyo karibu na nyumba, mtama na uwele vikapata nguvu. Kwa hiyo mfugaji na mkulima walikuwa mtu yule yule, na zizi ndilo lililolilisha shamba.

Kazi za kila siku ziligawanywa kwa umri na kwa jinsi. Wavulana wadogo walichunga ndama na mbuzi karibu na nyumbani. Wakubwa zao waliwapeleka ng'ombe mbali. Kina mama waliyatunza maziwa katika vibuyu, wakayagandisha na kuyasukasuka hata wakapata samli. Wakati wa kiangazi kazi ilikuwa ngumu kupita kiasi. Mito ya Ugogo mingi hukauka, ikabaki mchanga mtupu. Ilibidi vijana wachimbe visima katika mchanga huo, wateke maji na kuyamimina katika vihori, huku ng'ombe wenye kiu wakisukumana. Kadiri kiangazi kilivyoendelea, ndivyo shimo lilivyozidi kwenda chini.

Lakini bidii peke yake haikutosha. Kama mvua imekosekana kwenye malisho yako, utafanyaje? Hapa ndipo tunapoiona hekima ya wazee. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa ndugu, wakwe na marafiki waliokaa sehemu mbalimbali. Aliyepewa ng'ombe kuwatunza alipata maziwa na samadi, lakini ndama walibaki kuwa mali ya mwenyewe. Kwa njia hiyo ukame au maradhi yalipoingia mahali pamoja, hayakuimaliza mali yote. Na asiye na ng'ombe hata mmoja aliweza kuwanywesha watoto wake maziwa. Kwa hiyo mgeni aliyehesabu ng'ombe zizini hakuweza kujua utajiri wa mwenye nyumba: huenda nusu yao walikuwa wa wengine, na wake walikuwa mbali.

Utaratibu huo ulijaribiwa vikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliingia katika nchi zetu ikaua ng'ombe wengi mno. Kisha Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalichukua nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo. Ukame ulipofuata, ikaja njaa kuu ambayo Wagogo waliiita Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920. Watu wengi walikufa, na wengine wakaihama nchi. Hapo tunapata jibu la swali letu. Ng'ombe alikuwa ghala la jamaa: mavuno yalipokosekana, mbuzi au ng'ombe alibadilishwa kwa nafaka kutoka kwa watu waliovuna. Mtu hauzi ghala lake bila ya sababu.

Hata hivyo, tusiisifu jadi kupita kiasi. Wavulana wengi waliishia machungani bila ya kuijua shule, hata baada ya Serikali kuagiza mwaka 1977 kwamba watoto wote waandikishwe. Mama aliyeyatunza maziwa hakuwa na neno kubwa juu ya ng'ombe wenyewe. Tena mambo mapya yalileta taabu mpya. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliwakusanya watu vijijini ili wapate maji, shule na zahanati. Lakini mifugo nayo ikakusanyika, na malisho ya karibu yakachoka. Katika mkoa huo huo, huko Kondoa, mmomonyoko wa udongo ulikuwa umezidi hata mifugo ikaondolewa mwaka 1979 katika eneo lililoharibika. Ng'ombe wanaotawanywa huiacha nchi ipumzike; wakikusanywa, huimaliza.

Wahenga walisema: ng'ombe haelemewi na nunduye. Jamaa za Ugogo hazikuelemewa na mifugo yao kwa sababu mzigo ule uligawanywa. Sotoka ilitangazwa kutoweka duniani mwaka 2011, lakini ukame ungali unarudi. Basi mwalimu na awatume wanafunzi wake kwa wazee wa kijiji, wakawaulize ng'ombe walilindwaje, waligawanywaje, na nani alikosa haki katika mgawo huo. Majibu watakayoyaleta yatakuwa sehemu ya historia yetu, na huenda yakatufaa katika kiangazi kijacho.