Kimondo na Ivuna: Jiwe, Jina na Istilahi katika Nyanda za Juu Kusini

Msafiri atokaye Iringa kwenda Tunduma hupita Mafinga, Nyololo na Makambako kabla ya kuteremka katika uwanda wa Usangu na kupanda tena kuelekea Mbeya. Katika njia hiyo yote neno kimondo lina maana mbili. Mtu aliyeketi nje usiku pale Nyololo, akiona mstari wa mwanga ukikata anga na kutoweka, husema ameona kimondo. Kesho yake, akipanda basi kwenda Mbozi kutazama kimondo, husudio lake si mwanga tena, bali pande la chuma lenye uzito wa tani nyingi ambalo halijatikisika kwa karne zisizohesabika. Neno ni moja; kinachotajwa ni vitu viwili. Mhadhara huu unachunguza namna hali hiyo ilivyotokea, na unadai kwamba Kiswahili kinadaiwa istilahi ambazo ardhi ya eneo hili imekwisha kuzitolea ushahidi.

Historia ya kimaandishi ya jiwe la Mbozi inaanza mwaka 1930, pale mpimaji ardhi W. H. Nott alipoliona katika mteremko wa kilima cha Marengi. Mwaka uliofuata, wanajiolojia D. R. Grantham na F. Oates walichapisha maelezo yake ya kitaalamu. Wakati huo sehemu ya juu tu ndiyo iliyoonekana. Udongo ulichimbwa kulizunguka, ukaachwa mguu wa udongo chini yake, na baadaye mguu huo ukaimarishwa kwa saruji. Jiwe lina urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Takribani asilimia 90 yake ni chuma, na kiasi kikubwa cha sehemu inayobaki ni nikeli. Hakuna shimo la mgongano lililoonekana mahali hapo, wala hakuna masimulizi ya kuanguka kwake. Kwa hiyo wataalamu huamini kwamba lilianguka zamani sana, mvua na mmomonyoko vikafuta alama zote.

Hata hivyo, katika orodha ya kimataifa ya vimondo jiwe hili haliitwi Mbozi, bali Mbosi. Tahajia ya wageni wa mwaka 1931 ndiyo iliyosajiliwa, na ndiyo inayotumika hadi leo. Hili ni jambo dogo kwa mwanajiolojia, lakini kwa mwanaisimu ni funzo: jina likishaingia katika orodha, wenye lugha hupoteza mamlaka juu yake. Inafaa kukumbuka kwamba mwaka 1967 serikali ya Tanzania ililiweka jiwe hili chini ya ulinzi wa kisheria, na mwaka huohuo sheria ya Bunge ikaunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Jiwe likapata mlinzi na lugha ikapata mlezi. Jina la jiwe, lakini, lilibaki vilevile.

Kisa cha pili kimetokea bondeni, karibu na Ziwa Rukwa. Ivuna ni mahali palipojulikana kwa wanaakiolojia kwa sababu ya chemchemi zake za chumvi, ambazo watu walizitumia tangu takribani karne ya 13. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka hapo. Mabaki yaliyookotwa yalikuwa gramu 705 hivi, yaani chini ya kilo moja. Ukilinganisha na tani za Mbozi, ni kama si kitu. Lakini thamani ya kimondo haipimwi kwa mizani ya sokoni. Jiwe la Ivuna ni jeusi, laini, lenye kaboni na madini yaliyobadilishwa na maji. Ukiacha haidrojeni, heli na elementi nyingine chache zinazotoroka kirahisi, uwiano wa elementi zake unakaribiana mno na ule wa Jua lenyewe. Kwa maneno mengine, ni sampuli ya mata ambayo kwayo Jua na sayari zake ziliundwa.

Mawe ya aina hiyo ni adimu mno. Yalipopangwa katika makundi, kundi lao liliitwa CI: herufi ya kwanza ni ya kaboni, na ya pili ni ya Ivuna. Hapa pana jambo la kusikitisha. Msomaji asiyejua huidhani I hiyo kuwa tarakimu ya Kirumi, akasoma "kundi la kwanza", na kijiji kizima kikapotea ndani ya herufi moja. Wakati huohuo kundi hilo limezidi kuwa na uzito katika sayansi. Chombo cha Japani, Hayabusa2, kilichota vumbi la asteroidi Ryugu na kulileta duniani Desemba 2020, gramu 5.4 tu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba vumbi hilo linafanana hasa na mawe ya kundi la Ivuna. Hivyo basi, ili kueleza kilichochotwa mamilioni ya kilomita kutoka hapa, wanasayansi walirejea katika jiwe la bonde la Rukwa. Kipande chake kikubwa, chenye gramu 202, kimo katika Jumba la Makumbusho ya Historia ya Asili, London, tangu 2008.

Je, Kiswahili kimejiandaaje kusimulia habari hii? Uzoefu wa majina ya sayari hautii moyo. Lugha ilirithi kutoka Kiarabu majina kama Zuhura na Zohali, lakini vitabu vya shule vimewahi kuiita sayari ya sita Sarateni, ambalo asili yake ni jina la buruji ya Kaa, na kulihamishia Zohali kwenye sayari ya saba. Mwanafunzi akibadili kitabu, anga nayo inabadilika. Kimondo kisiachwe kifikwe na mkanganyiko wa namna hiyo.

Pendekezo ni jepesi. Kimondo libaki jina la mwanga unaoonekana angani, kama wasemavyo watu wa Nyololo. Kinachookotwa ardhini kiitwe jiwe la kimondo. Asteroidi na nyotamkia, ambazo husafiri angani kabla ya lolote kuanguka, zibaki na majina yake. Na pale vitabu vya kigeni vinapoandika CI, vitabu vya Kiswahili viandike "kundi la Ivuna" kwa ukamilifu. Huko si kubuni istilahi, bali ni kurudisha nyumbani jina lililokwisha kusafiri. Mtoto wa Momba atakayelisoma darasani atajua, bila kuambiwa zaidi, kwamba sayansi ya Jua na sayari zake ina neno moja lililotoka kwao.