lambda
*nm* [i-/zi-] Funksheni isiyo na jina, iandikwayo pale pale inapotumika ndani ya programu. Iliingizwa katika C++ kwa kiwango cha mwaka 2011.

Matumizi: Tuseme funksheni imetangaza namba kamili thabiti *n* = 5. Lambda iliyo ndani yake yaweza kusoma thamani ya *n* bila kuinasa. 5 hujulikana kabla programu haijaendeshwa. Lakini ikitaka anwani ya *n*, sharti iinase, la sivyo kompaila huikataa.

Tanbihi: Kwa kuwa *n* ni ile ile, wengi huilaumu kompaila. Kumbe thamani ni kitu kimoja, na mahali inapohifadhiwa ni kingine. Mfasiri aandike “hitilafu inayoshukiwa”, si “hitilafu”, maadamu haijathibitishwa.