Uondoaji wa tatuu

Uondoaji wa tatuu ni tiba ya kufuta au kufifisha mchoro wa wino uliowekwa ndani ya ngozi. Nchini Tanzania sababu mojawapo ya kuitafuta ni ajira: matangazo ya nafasi za Jeshi la Polisi yamekuwa yakitaka mwombaji asiwe na tatuu mwilini. Kwa wakazi wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, umbali wa hospitali kubwa ni sehemu ya uamuzi huo.

Kwa nini wino haufutiki

Sindano hupeleka wino chini ya tabaka la juu la ngozi, lile linalojibadilisha kila baada ya wiki chache. Huko chembe za wino humezwa na makrofaji, yaani seli za ulinzi wa mwili. Seli hizo zikifa, nyingine humeza wino uleule. Ndiyo maana krimu za kung'arisha ngozi hazifuti tatuu: huathiri rangi ya ngozi yenyewe, na zenye zebaki hudhuru figo.

Leza

Leza ya mapigo mafupi sana huvunja wino kuwa chembe ndogo ambazo mwili huweza kuziondoa. Nadharia yake ilielezwa na Anderson na Parrish mwaka 1983. Wino mweusi huitikia vizuri zaidi. Kijani na njano ni vigumu. Tatuu ya mtaani ya masizi au wino wa kalamu mara nyingi huisha upesi kuliko ya fundi, kwa kuwa ina wino mchache.

Kwenye ngozi nyeusi tahadhari ni kubwa zaidi, kwa sababu melanini nayo hunyonya mwanga. Leza ya Nd:YAG yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064 ndiyo inayopendekezwa. Hata hivyo, mabaka meupe au meusi yanaweza kubaki, na mwenye historia ya makovu yanayotuna (keloidi) anapaswa kumweleza daktari mapema. Nyusi na midomo iliyochorwa kwa wino wa waridi au mweupe inaweza kugeuka nyeusi ghafla.

Njia nyingine

Tatuu ndogo inaweza kukatwa kwa upasuaji na ngozi kushonwa. Wino huondoka siku hiyohiyo, kovu hubaki. Kusugua ngozi kwa chumvi ni njia ya kale, iliyotajwa na tabibu Aetius wa Amida katika karne ya 6, nayo huacha kovu pana. Asidi ya betri na pasi ya moto si tiba: huunguza ngozi, na wino mara nyingi hubaki ndani ya kovu.

Chale za kuchanjwa bila wino ni makovu, hivyo leza ya tatuu haizifuti. Zile zilizopakwa masizi, kama chale za dawa, hupungua weusi tu.

Karagwe na Kyerwa

Kyerwa ilitengwa na Karagwe mwaka 2012. Mgonjwa huweza kuanzia hospitali kama Nyakahanga, iliyo karibu na Kayanga, akapewa rufaa kwenda Bukoba au Bugando, Mwanza. Moshi kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichoanzishwa mwaka 1992 huko KCMC. Leza huhitaji vipindi 6 hadi 10, vikipishana kwa wiki 6 hadi 8. Kwa hiyo anayetaka kuomba kazi mwakani hana budi kuanza sasa, akihesabu nauli ya kila safari. Upasuaji humtaka asafiri mara moja au mbili.