Usiku wa Kwanza Wodini: Brazil na Haki ya Mzazi Kutolala Peke Yake

Mwanamke aliyejifungua kwa upasuaji hawezi kuinuka haraka kumchukua mtoto anayelia saa nane usiku. Huko Brazil, ambako zaidi ya nusu ya watoto huzaliwa kwa operesheni, ilibidi itungwe sheria ili awe na mtu wa kumsaidia.

Kwa miaka mingi mume aliishia mlangoni mwa wodi ya wazazi, akisubiri saa ya kuona wagonjwa. Mwaka 1993 ulianzishwa mtandao wa ReHuNa, uliodai uzazi wenye utu. Jimbo la São Paulo likamruhusu baba kuwepo wakati wa kujifungua mwaka 1999. Jimbo la Santa Catarina likafuata mwaka 2002 kwa mswada wa mbunge wa jimbo hilo, Ideli Salvatti, ambaye alipoingia Seneti alilipeleka suala hilo Brasília.

Aprili 2005 ikapita Sheria 11.108: katika mfumo wa afya wa umma, mwanamke achague mtu mmoja wa kuwa naye wakati wa uchungu, wakati wa kujifungua na baada ya hapo. Baada ya hapo hadi lini? Wizara ya Afya ilijibu Desemba mwaka huohuo: siku 10. Tena ikaagiza kwamba malipo ya serikali kwa hospitali yahusishe mahali panapofaa pa msaidizi huyo pamoja na milo yake mikuu. Hapo sheria ilipata meno, kwani hakuna awezaye kumuuguza mwenzake akiwa amesimama na njaa usiku kucha.

Hata hivyo, wodi hazikufunguka mara moja. Utafiti wa Nascer no Brasil wa 2011 na 2012, uliohusisha karibu wanawake 24,000 katika hospitali 266, ulikuta takriban mmoja kati ya wanne hakuwa na mtu kabisa. Baadhi ya hospitali zilimpokea mama au dada, zikamkataa mume, kwa sababu wazazi wengine wamelala chumba hichohicho wakinyonyesha. Hoja hiyo ina uzito. Faragha yao nayo ni haki. Lakini dawa yake ni pazia na ukuta, si kumfukuza baba.

Mwaka 2013 hospitali zililazimishwa kubandika tangazo la haki ya kuwa na msaidizi. Novemba 2023, Sheria 14.737 ikaipanua hadi hospitali binafsi na huduma nyingine za afya kwa wanawake.

Wanaochora ramani za wodi mpya za wazazi Afrika Mashariki nao watenge nafasi ya msaidizi huyo kabla msingi haujachimbwa.