Ulimi wa Wanorwe na Lugha ya Mimbarani

Katika Waamuzi 12 twasoma jinsi watu wa Gileadi walivyowatambua Waefraimu kwenye vivuko vya Yordani kwa sauti moja tu, ambayo ndimi zao hazikuweza kuitamka. Wakafa watu 42,000. Historia ya Walutheri Wanorwe huko Marekani yatuonyesha kwamba kipimo cha namna hiyo hakikukoma siku zile.

Mwaka 1825 meli ndogo iitwayo Restauration iling'oa nanga Stavanger kuelekea New York. Katika miaka 100 iliyofuata Wanorwe wapatao 800,000 walihamia Amerika ya Kaskazini. Walichukua Biblia, Katekisimu ya Luther, na ulimi wao.

Kinorwe cha kale kilikuwa na sauti mbili tunazozisikia katika maneno yetu "thamani" na "dhambi". Katika Zama za Kati sauti hizo zilitoweka, na ile ya kwanza ikageuka kuwa t. Kwa hiyo Mnorwe aliyeungama imani kwa Kiingereza aliweza kusikika kana kwamba anaungama ajali iliyokwisha kupangwa, maana maneno hayo mawili hutenganishwa na sauti hiyo tu. Tena Kinorwe hakitofautishi w na v. Mzabibu wa Yohana 15 na divai ya Meza ya Bwana vyaweza kuchanganyika kinywani. Hakina z, njegere zikageuka kuwa amani. Hata Jina la Mwokozi, ambalo Wanorwe hulianza kwa y kama sisi tusemavyo Yesu, lilidai j ambayo hawakuizoea.

Mambo haya yaweza kuchekesha. Lakini tarehe 23 Mei 1918, wakati wa vita, Gavana William Harding wa Iowa alitoa tangazo la kukataza lugha za kigeni shuleni, hadharani, katika simu, na hata katika ibada za kanisani. Wasiojua Kiingereza waliambiwa waabudu nyumbani. Mwaka huohuo Kanisa la Kilutheri la Kinorwe la Amerika liliazimia kuondoa neno "Kinorwe" katika jina lake. Mwaka 1920 likalitengua azimio hilo. Tangazo la gavana nalo liliondolewa Desemba 1918. Neno lile liliachwa mwaka 1946, wakati ambapo wengi wa waumini walikuwa wamekulia katika Kiingereza.

Tunajifunza nini? Kosa la matamshi halikuwa kosa la imani, ila lilikuwa alama ya mahali mtu alikotoka. Nasi tunao ndugu wasemao "zambi" na "samani", na mara nyingine tumewacheka darasani, hata mimbarani. Siku ya Pentekoste Roho hakuwadai wasikilizaji waje na ulimi mmoja. Kila mtu alisikia kwa lugha yake. Basi na tusimame kivukoni kama wavushaji, wala si kama walinzi.