Zari, Kasabu na Vitabu Vyetu

Katika maadhimisho haya wengi watatazama mavazi mapya ya murti na kuusifu mng'ao wake. Tumeona vyema kuieleza hapa historia ya kazi hiyo, kwa kuwa sisi tulioishona hatukuirithi kwa wazee wetu. Tuliisoma vitabuni.

Huko India, kudarizi kwa nyuzi za dhahabu huitwa zardozi. Jina hilo ni la Kiajemi: zar ni dhahabu, na dozi ni kushona. Mfalme Akbar, aliyetawala tangu 1556 hadi 1605, alikuwa na karakana za nguo katika miji ya Lahore, Agra, Fatehpur na Ahmedabad. Katika kazi kama hizo elimu ilipita mkononi: shagirdi aliketi ubavuni mwa ustadhi, akatazama, akaiga, akakosolewa. Majirani zetu watatambua kwamba karakana, shagirdi, ustadhi, zari na kasabu ni maneno ya Kiswahili pia. Bahari iliyaleta yote.

Mafundi wenyewe hawakuja kwetu. Wazee wetu waliotoka Gujarat waliagiza mavazi ya murti yakiwa tayari, na vazi kuukuu tulilonalo lilipoanza kufumuka, hapakuwa na mtu miongoni mwetu aliyejua kulitengeneza.

Ndipo tulipogeukia vitabu. Huko Ulaya, katika karne ya 19, viliandikwa vitabu vya kuwafundisha ushonaji watu wasio na mwalimu. Mashuhuri kati yake ni kamusi kubwa ya kazi za sindano ya Thérèse de Dillmont, iliyotoka mwaka 1886, yenye mafunzo ya kudarizi kwa dhahabu pamoja na michoro yake. Humo tulijifunza kanuni ya kwanza: uzi wa dhahabu haupitishwi kitambaani kila mshono, kwa maana utachubuka. Hulazwa juu, ukafungwa kwa uzi mwembamba wa hariri uliopakwa nta, na ncha zake ndizo pekee zinazozamishwa upande wa nyuma. Dabka, ambayo ni waya uliozungushwa ukawa kama mrija, hukatwa vipande na kutungwa mfano wa shanga.

Hata hivyo, kitabu husema usivute mno, wala hakisemi mno ni kiasi gani. Miezi ya mwanzo dabka zetu zilinyooka na kuharibika, na fedha ikapotea. Aliyetuokoa ni mzee jirani, ambaye ujanani alitia kasabu kwenye kingo za majoho. Tulimwamkia, tukamwonyesha kazi yetu. Akaipapasa kwa kidole, akasema, "Wanangu, mkono wenu una haraka." Akaketi nasi hadi jioni.

Vazi kuukuu sasa limetengenezwa, na jipya limekamilika. Mwenye jicho kali ataona kwamba pindo la kushoto limepinda kidogo. Hapo ndipo tulipoanzia, nasi hatukulifumua.

Vitabu vimewekwa katika maktaba ya hekalu, na kiunzi cha kudarizia kimebaki ukumbini. Tunamshukuru mzee wetu, na tunawakaribisha vijana wa hekalu na wa mtaa waje kuketi nasi, ili atakayetufuata asilazimike kuanza na kitabu peke yake.