Mtego uliofichwa kwenye mkanda wa video

Kila ikitoka tamthilia yenye vita vya usiku, lawama ni zile zile: picha giza, hatuoni kitu. Kwenye kibanda umiza cha Unyambwa, Manispaa ya Singida, ambako jua la mchana hupenya matundu ya bati, lawama hiyo ina uzito. Fundi mkongwe wa televisheni mjini Singida anasema tusilaumu kioo kabla ya kuuliza nani aliipima picha. Yeye huanzia kwenye mikanda.

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara ilisubiri hadi 1994. Hivyo wengi wa bara waliijua deki ya mikanda kabla ya matangazo ya televisheni. Ndani ya waya, picha ilikuwa umeme tu: katika PAL, mfumo wa televisheni ya rangi, weusi ulikaa volti 0 na weupe volti 0.7.

Deki ya VHS ilikuwa na saketi ya kurekebisha nguvu ya picha: ikiwa hafifu inaiongeza, ikiwa kali inaipunguza. Mwaka 1985 kampuni ya Macrovision ya Marekani ikaigeuza saketi hiyo mtego. Kuanzia mkanda wa The Cotton Club, ilipachika mipigo mikali kwenye mistari ambayo mtazamaji haioni. Televisheni ilionyesha sinema vizuri tu. Deki iliyokuwa ikinakili ndiyo iliyohadaika: ilidhani picha ina mwanga kupita kiasi, ikaufifisha, ikauachia, ikaufifisha tena. Mwenye kunakili akaambulia sinema inayofifia na kuwaka. Wajanja wakaibuka na vijisanduku vya kuiondoa mipigo. Hatimaye Bunge la Marekani likaingia kati: sheria ya hakimiliki ya 1998 iliwataka watengenezaji wa deki za VHS wahakikishe zinanaswa na mtego huo. Udhaifu wa saketi ukawa takwa la sheria! Na huku kwetu, ambako nakala ilizaa nakala, aliyepigwa makofi ni televisheni.

Dijitali ikaleta namba badala ya volti: weusi 16, weupe 235. Tangu 2014 kuna kipimo cha picha kinachofika niti 10,000, niti ikiwa kizio cha mwangaza wa kioo.

Siku hizi filamu huhaririwa hata kwenye simu, na mwangaza hupimwa kwa jicho, chumbani, taa ikiwaka. Huo ni uzembe, maana hata toleo la bure la programu ya uhariri ya DaVinci Resolve lina vipimo vya mawimbi ya picha. Vijana wanaompelekea fundi kazi zao, anasema, hawajawahi kuvifungua.